Picha ile ya kijana na chuma

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie picha mliyoichapisha wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wa michezo. Kijana amesimama uwanjani ameshika vyuma vya mkono, mgongo umepinda kwa nyuma kama upinde, viwiko vimetoka mbele ya kifua, na chini yake mmeandika kuwa anajifua kwa ajili ya msimu mpya. Picha yenyewe nzuri, mpaka jasho linaonekana. Lakini anachokifanya kijana yule ndicho nilichokuwa nikimkataza mwanangu kwa miezi mitatu. Siku gazeti lilipoingia nyumbani alinifunulia ukurasa ule akaniambia, "Mama, si hawa hapa, hata gazetini wanafanya hivi hivi." Siku ile sikuwa na la kumjibu. Jibu langu ndilo hili, na nimeona nilipitishe kwako kwa sababu najua si mwanangu peke yake aliyeitazama picha ile.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za skuli na mabuibui hapa Limbani, Wete. Si mwalimu wa mazoezi wala si daktari. Zoezi la kukunja mkono kwa chuma, lile ambalo vijana wanaliita la baisepsi, nimelijua kwa sababu ya mkono uliovunjika. Masika ya mwaka 2019 niliteleza kwenye ngazi ya baraza yetu, nikaangukia mkono wa kulia, mfupa wa kigasha, yaani baina ya kiwiko na kifundo, ukakatika. Nilikaa na plasta wiki sita. Ilipofunguliwa, mkono uliotoka mle ndani ulikuwa kama wa mtu mwingine: mwembamba, ngozi imekauka, kiwiko hakikunjuki mpaka mwisho. Nilichukua utepe wangu wa kupimia nguo nikaupima siku ile ile. Mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, ulikuwa inchi 11. Wa kulia inchi tisa na nusu. Mkasi wa kukatia kitambaa niliweza kuushika lakini sikuweza kuufunga, na ufunguo wa mlango nikiuingiza kwenye kitasa ilikuwa lazima nimwite mtoto aje auzungushe.

Hospitalini nilipewa msichana mmoja mtaalamu wa viungo, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Wiki za mwanzo hakunipa uzito wowote; kukunja na kukunjua tu, taratibu. Kisha siku moja akanipa chupa ndogo ya maji, ya nusu lita. Nusu kilo hiyo. Mimi niliyekuwa nikibeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani nilihisi nimedharauliwa. Yeye akaichukua khanga yangu ya begani, akaikunja mara nne, akaiweka baina ya kiwiko changu na mbavu, akaniambia, "Pandisha chupa, khanga isianguke."

Ilianguka mara ya pili.

Aliiokota, akairudisha, akaniambia maneno ambayo mpaka leo namwambia kila anayekuja uani kwangu: "Kiwiko kikiondoka, kazi imehamia begani. Mimi nataka kazi ibaki hapa," akanigusa kwa kidole katikati ya mkono wa juu, kwa mbele. Nilifanya mara nane. Khanga ilianguka tatu. Nilitoka mle nimelowa jasho kwa chupa ambayo mtoto wa chekechea anaikimbiza skuli shingoni.

Naomba niieleze namna yenyewe kwa kirefu, kwa sababu ndipo picha yenu ilipokosea, na ndipo vijana wengi wanapokosea.

Unasimama miguu imeachana kwa upana wa nyonga, magoti hayakukazwa. Mikono imening'inia ubavuni, viganja vinatazama mbele. Kifundo cha mkono kimenyooka na kigasha, hakikuvunjika kwa nyuma wala hakikukunjwa kwa ndani. Kikipinda, uzito unakwenda kuvuta kano za kifundo na utalala nazo usiku zikikuuma. Kiwiko kinakaa karibu na mbavu, na hapo ndipo kinapobaki tangu mwanzo mpaka mwisho, mfano wa bawaba ya mlango: mlango unakwenda na kurudi, bawaba haitoki mahali pake. Unapandisha chuma huku unatoa pumzi, mpaka kinakaribia bega, na huko juu unatulia kidogo. Halafu unashusha huku unavuta pumzi, pole pole, kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu, hadi mkono uwe umenyooka.

Huku kushusha ndiko wanakokupuuza. Vijana wa uwanjani kwetu wanapandisha kwa nguvu kisha wanakiacha chuma kianguke chenyewe, kama kwamba kazi imekwisha. Kumbe misuli inapoulegeza uzito chini taratibu inafanya kazi kubwa, inakaza huku inarefuka, na sehemu nzuri ya faida imo humo. Anayekidondosha chuma amefanya nusu ya zoezi, na hiyo nusu nyingine kakiachia kiungo cha kiwiko kipokee kishindo.

Na kwa nini kiwiko kisitoke mbele? Hili nililiuliza mwenyewe, kwa sababu mimi mtu akiniambia fanya hivi napenda kujua sababu. Msichana yule alinionesha kwenye mchoro wa ukutani. Misuli hii ya mbele ya mkono wa juu, baisepsi, ina vichwa viwili, na jina lake la Kilatini ndilo linalosema hivyo. Vichwa vyote viwili vimeshika kwenye mfupa wa bapa la bega, vinashuka mbele ya mkono, vinavuka kiwiko, na mwisho wake kano yake imeshika kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Kwa hiyo kazi zake ni kukunja kiwiko na pia kugeuza kiganja kitazame juu. Ndiyo maana nilishindwa kuzungusha ufunguo, na ndiyo maana mtu anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia huchoka hapo hapo kwa mbele. Sasa, uzito unakuwa mgumu kuliko pote pale kigasha kinapokuwa sambamba na sakafu. Ukikisukuma kiwiko mbele na juu, bega limeingia kusaidia, na chuma kikifika juu kigasha kinakuwa kimesimama wima chini yake: mfupa umekuwa nguzo, misuli imepumzika. Yule kijana wa kwenye picha, kwa alivyosimama, alikuwa amebeba chuma kwa mifupa na kiuno.

Nije kwa mwanangu. Ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na kama wenzake wote wa rika lake anataka mkono ujaze shati. Simlaumu, na ningependa wazazi wenzangu nao wasiwalaumu. Kijana anayekwenda kunyanyua chuma baada ya sala ya Alasiri najua alipo. Nyuma ya nyumba moja ya mtaani kuna kiwanja ambapo vijana wamejitengenezea vyuma vyao: wamechukua makopo ya rangi, wakajaza zege, katikati wakapitisha bomba. Wanasema kila kimoja ni kilo 10. Siku nilipochoka kubishana naye nilimwambia avilete viwili anavyovitumia, tukavipeleka dukani kwa jirani vikapimwa kwenye mizani. Kimoja kilo 11 na nusu. Cha pili kilo 13. Miezi mitatu yote mtoto alikuwa akibeba mkono huu hivi na ule vile, hajui, na mwili ukijipinda kuusaidia ule uliozidiwa.

Kabla ya hapo alikwishaumia mgongo. Hakuniambia, nilijua kwa maneno ya baba yake, kwamba msikitini akirukuu anashika ukuta. Siku nne hivyo. Mgongo wa chini ndio unaolipa pale chuma kinapokuwa kizito kuliko mkono, maana mtu anakibembeza: anainama kidogo mbele, anajirusha nyuma, chuma kinapanda kwa kasi ya mwili. Watazamaji wanamshangilia, nae anaamini mkono wake ndio uliokipandisha.

Basi nikamsimamisha uani, mgongo ukutani. Visigino mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, makalio, mabega na kisogo vimegusa ukuta. Khanga mbili nilizikunja, moja kila upande, baina ya kiwiko na mbavu. Nikampa kile cha kilo 11 na nusu. Chuma kilipanda mpaka usawa wa kitovu kikagoma. Alijaribu tena, mabega yakatoka ukutani, khanga ikaanguka. Nikamletea dambeli zangu za kilo nne nne, za mtumba, nilizozinunua Darajani nilipokwenda Unguja kwa mahitaji ya dukani. Nilimuona usoni alivyoziona ndogo. Nikamwambia, panda kwa pumzi moja, shuka kwa hesabu ya tatu. Mara ya tano alinyamaza kuzungumza. Mara ya saba mkono ulianza kumtetemeka. Alifika tisa, ya kumi khanga ya kulia ikadondoka, akakaa kwenye ngazi anajishika mkono kwa mbele, pale pale nilipoguswa mimi kwa kidole mwaka ule. Hakusema kitu. Kesho kutwa yake, nilipokuwa nashona, alikuja mwenyewe akaniuliza, "Mama, khanga ziko wapi?"

Kwa anayeanza, kipimo nilichofundishwa ni hiki: uzito unaoweza kuupandisha vizuri mara nane mpaka 12, na zile mbili za mwisho ziwe ngumu lakini bado umbo halijaharibika. Ikiwa ya nne tu unajipinda, uzito umezidi. Ikiwa unafika 20 huku unazungumza, ongeza. Seti mbili, yaani mizunguko miwili ya hesabu hiyo, zinatosha kuanzia, baadaye tatu, na baina yao dakika moja au mbili za kupumzika. Si kila siku. Siku mbili au tatu kwa wiki, na ipite siku katikati, kwa sababu misuli hujijenga wakati imepumzika. Na ukiona unazimaliza 12 zote kwa raha, ongeza kidogo tu, nusu kilo au kilo moja.

Vijana wanakimbilia uzito mkubwa kwa sababu wiki mbili tatu za mwanzo wanaona nguvu zinapanda upesi, wakadhani mkono umekwisha kuwa mkubwa. Chupa ya kwanza niliyoipanda kwa taabu, baada ya wiki tatu ilikuwa nyepesi, lakini utepe wangu ulikuwa unasoma vile vile, tisa na nusu. Niliuliza, nikaelezwa kuwa mwanzoni ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamrisha misuli. Unene unakuja baadaye. Inchi 10 na robo tatu niliiona mwezi wa nne tangu nianze zoezi. Ndiyo maana nasema wiki hizo za mwanzo ni za hatari kuliko zote, kwa kuwa mwili unajifunza chochote utakachoufundisha. Ukiufundisha kubembeza, utabembeza.

Asiye na dambeli asikae na kusubiri. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijaa ni kilo moja na nusu, hesabu rahisi. Ukiitia mchanga mkavu badala ya maji inakaribia kilo mbili na nusu, pima dukani uhakikishe, na hakikisha zote mbili ziko sawa. Vyuma vya zege si vibaya. Ubaya ni kuvitia mkononi bila kuvipima. Kabla ya kubeba, dakika tano za kupasha mwili: tembea, zungusha mabega, kunja mikono mitupu mara kadhaa.

Maumivu nayo yana aina yake. Ule uchovu wa misuli unaokuja kesho yake au kesho kutwa, ukigusa unauma, ni wa kawaida kwa anayeanza na huondoka wenyewe. Lakini maumivu makali ya ghafla mbele ya kiwiko au begani wakati umeshika chuma, weka chini. Ukisikia kitu kimekatika na misuli ikajikusanya upande mmoja kama fundo, hospitali siku hiyo hiyo. Na yuko kijana anayejiua kwa zoezi siku ya kwanza, akakuta mikono imevimba haikunjuki na mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi: huyo asingoje, aende hospitali mara moja, maana misuli iliyoharibika inaweza kuharibu figo. Wenye presha wazungumze na daktari kabla ya kuanza, na wasibane pumzi wakati wa kupandisha, kwa sababu kubana pumzi huipandisha presha zaidi.

Nina neno pia kwa wanawake wenzangu. Hapa mtaani nimeambiwa vyuma ni vya wanaume, na wapo walioniuliza kama siogopi mikono kuwa ya kiume. Mimi ndiye ninayewapima mikono ya mabuibui yao, wanajua utepe wangu hausemi uongo. Tangu mwaka 2019 sijaacha, na mkono wangu wa kulia leo ni inchi 11, sawa na wa kushoto. Kilichobadilika ni kwamba nakuna nazi mbili bila kupumzika, nanyanyua mjukuu kutoka chini, na roba la vitambaa nalitoa kwenye daladala bila kumngoja utingo. Misuli na mifupa yetu inapungua kadiri umri unavyokwenda, na kutembea peke yake hakutoshi kuizuia. Vikundi vyetu vya mazoezi ya viungo nawapongeza kwa dhati. Kila tarehe 1 Januari wanapojaa barabarani na viwanjani, Unguja na Pemba, najiona fahari. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, pamoja na zile dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, unataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili siku mbili au zaidi kwa wiki. Hilo la pili kwenye vikundi vingi silioni. Chupa mbili za mchanga kwa kila mwanachama haziwashindi.

Nasema misuli mikubwa ya mwili, si baisepsi peke yake. Mgongo, mapaja, kifua, na ile misuli ya nyuma ya mkono inayokunjua kiwiko, ambayo ndiyo nene zaidi ya mkono wa juu, vijana hawaigusi kwa sababu haionekani kwenye kioo. Hilo nitaliacha, linataka barua yake.

Ninachokuomba wewe, Mhariri, ni kitu kidogo. Sikuombi uombe radhi kwa picha ile, mpigapicha alikwenda kupiga picha na amepiga aliyoikuta. Naomba kwenye ukurasa huo huo wa michezo mtoe picha nyingine, zikiwa nne, zilizopigwa kutoka ubavuni ili kiwiko kionekane: mkono ukiwa chini, ukiwa katikati, ukiwa juu, na wa nne ukiwa unashuka. Huo wa nne usiachwe. Chini yake yawekwe maneno machache tu, kiwiko ubavuni, mgongo wima, shusha taratibu. Gazeti lako linafungiwa mandazi, linabandikwa ukutani kwa kinyozi, linafika kwenye viwanja ambavyo mtaalamu wa viungo hafiki. Na wenye viwanja hivyo vya vyuma, pamoja na wale wanaotoza fedha mlangoni, nawaomba mtoto mpya asipewe chuma kabla hajasimama ukutani mikono mitupu akaonekana. Mwanangu alipoanza, hakuna aliyemuonesha chochote. Aliambiwa chagua chuma.

Hivi sasa yuko kilo sita, seti tatu za mara kumi, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na wenzake wawili wameanza kuja naye. Mpigapicha wako akifika Wete siku moja katika hizo, baada ya Alasiri, aulizie kwa fundi cherehani wa Limbani ataoneshwa. Jua la saa hizo linapiga vizuri ukuta wa uani, na vijana nitawaambia wavae fulana zisizo na mikono ili viwiko vionekane.

Wako,
Fundi cherehani,
Limbani, Wete, Pemba
(Jina langu kamili nimelituma ofisini kwako pamoja na barua hii.)